Maisha ya Sir Arthur Conan Doyle, Mtungaji wa Hadithi za Upelelezi

Jina la Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London mwenye kiko na akili kali, limeenea duniani kote, na hata katika fasihi ya Kiswahili lina uzao wake. Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipoanza kutunga hadithi zake za Bwana Msa, ambayo ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa mwaka 1960, alimpa Bwana Msa kiko mdomoni na sahibu wa kufuatana naye aitwaye Najum. Na kila aliyekuwa amesoma hadithi za Kiingereza alitambua upesi jadi ya Bwana Msa ni nani. Lakini wengi wamjuao Holmes hawamjui aliyemtunga. Wako hata waliodhani kuwa Holmes ni mtu aliyeishi kweli, wakampelekea barua kwa posta katika mtaa wa Baker Street kumwomba awatafutie wezi wao na jamaa zao waliopotea. Holmes hakuwahi kuvuta pumzi ya dunia hii. Aliyekuwapo ni tabibu mmoja aliyekosa wagonjwa, na maisha ya tabibu huyo yana mambo ya kushangaza kupita hadithi alizozitunga.

Arthur Conan Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei mwaka 1859 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, katika ukoo wa Kiairishi wa madhehebu ya Katoliki. Baba yake, Charles Doyle, alikuwa karani wa kuchora ramani za majumba katika ofisi ya serikali, mtu mpole, fundi wa kalamu, lakini ulevi ulimharibu. Ulimtoa kazini, ukaitia nyumba yake katika dhiki, na mwisho ukampeleka katika hospitali za wenye maradhi ya akili, ambako alifia mwaka 1893. Mzigo wote wa nyumba uliangukia kwa mama, Mary, naye ndiye aliyemtia mwanawe mapenzi ya hadithi, kwani alikuwa bingwa wa kusimulia. Alipofika mahali pa kutisha alishusha sauti mpaka watoto wakaacha kupumua. Kwa msaada wa jamaa, kijana alipelekwa shule ya mapadre wa Stonyhurst, kisha mwaka mmoja huko Austria, na mwaka 1876 akaingia chuo cha udaktari hapo hapo Edinburgh.

Katika chuo hicho ndipo alipokutana na mtu aliyembadilishia maisha. Alikuwa mwalimu wa upasuaji, jina lake Joseph Bell, mwembamba, mwenye pua kali na macho ya kupenya. Bell alimchagua Doyle awe karani wake wa kupokea wagonjwa wa nje, kwa hiyo kijana akapata nafasi ya kumtazama kwa karibu kila siku. Desturi ya Bell ilikuwa kumwangalia mgonjwa kabla hajasema neno, kisha akamweleza kazi yake, atokako na maradhi yake. Siku moja aliingia mtu aliyevaa nguo za kiraia. Bell alimtambua kuwa ni askari aliyeachishwa jeshi karibuni, mwenye cheo kidogo, wa kikosi cha milimani Scotland, na kwamba alikuwa ametumikia kisiwa cha Barbados. Yote yalikuwa kweli. Wanafunzi waliposhangaa, mwalimu aliwaeleza kuwa mtu yule ana adabu lakini hakuvua kofia, na hiyo ni desturi ya askari. Kama angalikuwa amekaa uraiani muda mrefu angaliiacha. Ana sura ya mtu aliyezoea kuamrisha. Na ugonjwa wake ni matende, maradhi yasiyopatikana Uingereza, bali hupatikana katika visiwa vile vya Marekani. Msomaji wa pwani aliyeyaona matende kwa macho yake atafahamu jinsi hoja ile ya mwisho ilivyokuwa nyepesi kwa mwenye kujua na nzito kwa asiyejua.

Alipokuwa bado mwanafunzi, mwaka 1880, Doyle alisafiri miezi kadhaa katika jahazi la wavuvi wa nyangumi lililokwenda bahari ya barafu, akiwa tabibu wa meli. Na baada ya kupata shahada mwaka 1881 alikwenda pwani ya Afrika ya Magharibi katika meli ya Mayumba, akaugua homa kali iliyokaribia kumwua. Mwaka 1882 alifungua chumba cha udaktari huko Southsea, kando ya Portsmouth. Hakuwa na mtumishi, na kibao cha shaba cha mlangoni alikisugua mwenyewe usiku ili majirani wasimwone. Wagonjwa walikuwa wachache. Mwaka wa kwanza alipata pauni 154 tu, na alipojaza fomu ya kodi akionyesha kuwa hadaiwi kitu, ofisi ilimrudishia na kumwandikia kuwa hesabu ile haikuiridhisha hata kidogo. Naye akajibu kuwa haikumridhisha yeye pia.

Mwaka 1885 alimwoa Louisa Hawkins. Katika zile saa ndefu za kungoja mlango ubishwe, alishika kalamu. Alikuwa amesoma hadithi za upelelezi za Edgar Allan Poe wa Marekani na za Gaboriau wa Ufaransa, na aliona kuwa wapelelezi wengi wa vitabuni hufanikiwa kwa bahati tu, au kwa makosa ya mhalifu. Akamkumbuka mwalimu wake Bell. Akajiuliza ingekuwaje mtu kama yule angeacha maradhi akashughulikia uhalifu. Ndivyo alivyozaliwa Sherlock Holmes, na pamoja naye Daktari Watson, msimulizi mwaminifu ambaye daima huona kila kitu na kufahamu nusu yake.

Kitabu cha kwanza, A Study in Scarlet, alikitunga mwaka 1886. Wachapaji kadhaa walikikataa, wengine bila ya kukisoma. Mwisho kampuni moja ya London ilikubali kukinunua moja kwa moja kwa pauni 25, haki zote zikiwa zake, na kukiweka kabati mwaka mzima kwanza. Kilitoka mwishoni mwa 1887 ndani ya jarida la sikukuu, Beeton's Christmas Annual, na Doyle hakupata tena hata senti moja kwa kitabu hicho, ambacho nakala za toleo lile la kwanza sasa hutafutwa na matajiri kwa fedha nyingi mno. Kilipochapwa peke yake mwaka 1888, picha zake zilichorwa na baba yake mzazi, ambaye wakati huo alikuwa amefungiwa hospitalini. Si jambo kubwa katika historia ya vitabu, lakini linaonyesha mwana aliyekuwa bado anatafuta njia ya kumheshimu baba aliyeanguka.

Mwaka 1889 mhariri mmoja wa Kimarekani alimwalika katika hoteli ya Langham, London, pamoja na mtungaji mwingine, Oscar Wilde, na katika chakula kile wote wawili waliagizwa kitabu. Doyle alileta The Sign of Four. Hata hivyo bado aliutegemea udaktari. Mwanzoni mwa 1891 alikwenda Vienna kujifunza maradhi ya macho, akarudi na kukodi chumba London awe tabibu wa macho. Kila asubuhi alikwenda chumbani pake akaketi mpaka alasiri, na hakuna mgonjwa aliyebisha hodi. Elimu ile ya macho ilionekana kuwa hasara tupu. Itaonekana baadaye kuwa haikuwa hasara.

Katika kukaa kule bure ndipo alipopata wazo lililomtajirisha. Aliona kuwa majarida hutoa hadithi ndefu kwa vipande, na msomaji aliyekosa toleo moja hupoteza hamu ya yote. Akafikiri kuwa ingefaa mhusika awe mmoja katika kila toleo, lakini kila hadithi iwe imekamilika yenyewe. Akapeleka kazi yake kwa jarida jipya la Strand, na hadithi ya kwanza ikatoka Julai 1891, ikiwa na picha za Sidney Paget, ambaye ndiye aliyempa Holmes sura ijulikanayo hadi leo. Watu walikuwa wakipanga foleni kulinunua jarida. Ujira wake ulipanda upesi, mpaka Doyle, kwa kutaka kuwakatisha tamaa, akadai pauni 1,000 kwa hadithi kumi na mbili; wakakubali mara moja. Mwaka huo huo, baada ya kuugua mafua makali, aliuacha udaktari kabisa, na kwa furaha akairusha leso yake juu hadi darini. Kitabu cha kwanza cha mkusanyo, kilichotoka mwaka 1892, alikitabaruku kwa jina la mwalimu wake Bell, na hakuficha kwa mtu yeyote kuwa Holmes ni mwana wa darasa lile la Edinburgh.

Ajabu ni kuwa hakumpenda Holmes. Alitamani kujulikana kwa vitabu vyake vya tarekh ya kale, kama The White Company, ambavyo alivifanyia utafiti wa miaka. Alimwona Holmes kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akakalia nyumba. Mama yake alimsihi asimwue, naye akasita. Lakini Desemba 1893 akamtumbukiza mpelelezi wake katika maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Husemwa kuwa watu zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua jarida la Strand, na wengine walimwandikia matusi. Alisafiri mwaka 1894 kwenda Marekani kuzungumza na watu juu ya vitabu vyake, mji baada ya mji, na kila alikofika swali lilikuwa moja.

Kufufuka kwa Holmes kulianzia katika mazungumzo. Mwaka 1901 rafiki yake kijana, Fletcher Robinson, mwandishi wa magazeti, alimsimulia ngano za kwao Devon juu ya mbwa wa kishetani atembeaye usiku. Doyle alikwenda naye mpaka nyika ya Dartmoor, wakatembea katika vinamasi na magofu ya mawe, na dereva wa gari la farasi la nyumba ya Robinson aliitwa Harry Baskerville. Jina hilo likachukuliwa kama lilivyo, na The Hound of the Baskervilles ikawa hadithi ipendwayo kuliko zote. Kwa kuwa Holmes alikuwa amekwisha kufa, mambo yake yalifanywa kuwa ya kabla ya kifo. Lakini mwaka 1903 wachapaji walimpa fedha nyingi hata akamrudisha hai kabisa. Jumla ya hadithi za Holmes zikafika 60, nne ndefu na 56 fupi.

Kati ya mambo hayo alikuwa amemwuguza mkewe Louisa, aliyepatwa na kifua kikuu mwaka 1893. Kwa ajili ya hewa kavu walikaa Misri majira ya baridi ya 1895 na 1896, wakapanda Mto Naili kwa meli mpaka mpaka wa Sudani. Katika safari ile aliwaza jinsi watalii wale wangeweza kutekwa kwa wepesi na wafuasi wa Khalifa, na wazo hilo likawa kitabu, The Tragedy of the Korosko, cha mwaka 1898. Ni kitabu cha kusisimua, ila Waislamu wa Sudani wamechorwa humo na mtu aliyewatazama toka sitaha ya meli. Mwaka 1900 alikwenda kama tabibu katika hospitali ya vita vya Makaburu huko Bloemfontein, ambako homa ya matumbo iliua askari kwa mamia. Baadaye alitoa kijitabu cha kuwatetea askari wa taifa lake, kikachapwa kwa bei rakhisi na kufasiriwa kwa lugha nyingi, gharama zikilipwa kwa mchango wa watu. Mwaka 1902 akapewa cheo cha Sir. Louisa alifariki Julai 1906, na Doyle akakaa miezi mingi amezama katika huzuni, hafanyi kazi.

Lililomtoa katika huzuni ile ni dhuluma aliyotendewa mtu mwingine, na hapa ndipo penye uzito wa maisha yake.

Katika kijiji cha Great Wyrley, jimbo la Staffordshire, alikuwako kasisi aitwaye Shapurji Edalji, Mparsi mzaliwa wa Bombay aliyeingia Ukristo na kumwoa Mwingereza. Kuwekwa mtu wa rangi ile juu ya kanisa la kijiji hakukuwapendeza wote. Kwa miaka mingi nyumba yake ilipelekewa barua za matusi zisizo na jina. Mwanawe George alisoma sheria, akawa wakili Birmingham, akatunga kitabu kidogo juu ya haki za abiria wa gari moshi. Kijana mkimya, asiyevuta wala kulewa. Mwaka 1903 wanyama wa mashamba ya jirani walianza kuonekana asubuhi wamepasuliwa matumbo usiku: farasi, ng'ombe na kondoo. Barua zisizo na jina zikamtaja George. Mkuu wa polisi wa jimbo alikuwa amekwisha kumdhania vibaya tangu utotoni mwake. Tarehe 18 Agosti farasi mdogo alikutwa amepasuliwa, na siku ile ile George akakamatwa.

Ushahidi ulikuwa koti lenye unyevu na nywele za farasi, viatu vyenye tope, na mtu mmoja aliyedai kujua miandiko ya watu. Baba mtu aliapa kuwa analala chumba kimoja na mwanawe na mlango hufungwa kwa ufunguo, hakusadikiwa. George alihukumiwa kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu, akafutwa katika daftari la mawakili. Na wanyama waliendelea kupasuliwa akiwa gerezani. Watu 10,000 walitia sahihi kumwombea. Oktoba 1906, baada ya miaka mitatu, aliachiliwa bila ya maelezo, wala msamaha, wala kurudishiwa kazi yake. Akaandika khabari zake gazetini, na gazeti hilo likaangukia mikononi mwa Doyle.

Januari 1907 walipatana kukutana katika hoteli moja ya London. Doyle alichelewa kidogo, na alipoingia ukumbini alimwona kijana mweusi wa uso amekaa akisoma gazeti. Alikuwa amelileta karibu kabisa na jicho, tena kwa upande. Yule tabibu wa macho aliyekosa wagonjwa miaka kumi na sita nyuma alisimama akatazama, na kabla hajampa mkono alijua kuwa mtu huyu haoni mbali na tena macho yake yamepindika maumbile. Mtu wa namna hiyo, kati ya usiku wa giza na mvua, avuke mashamba, aruke nyua na reli ya gari moshi, akwepe polisi waliokuwa wanalinda, amfikie mnyama na kumpasua kwa ustadi, kisha arudi! Wala mahakamani hakuna aliyeuliza habari ya macho yake.

Doyle hakutosheka na hilo. Alikwenda mwenyewe Great Wyrley, akapima njia, akatazama udongo. Aligundua kuwa lile koti polisi walilichukua pamoja na kipande cha ngozi ya farasi aliyeuawa, na kuwa tope la viatu halikuwa la shamba lile. Kisha akaandika yote katika gazeti la Daily Telegraph la tarehe 11 na 12 Januari 1907, na kwa makusudi akakataa haki ya kumiliki maneno yale, ili kila gazeti lenye kutaka liyachape bila malipo. Mtu aliyejua kudai pauni 1,000 kwa hadithi alijua pia lini neno litolewe bure likaenda mbali. Kwa siku chache Uingereza nzima ilizungumza jambo moja. Naye pia akaanza kupata barua zisizo na jina, za kumtisha.

Serikali iliunda kamati ya watu watatu. Mei 1907 kamati ikasema kuwa George hana hatia ya kuua wanyama, akasamehewa. Lakini ikaongeza kuwa huenda zile barua aliziandika yeye, kwa hiyo amejiletea mwenyewe mashaka, na haifai alipwe fidia. Doyle aliiona hukumu ile ni aibu, akasema hivyo kwa nguvu mpaka mwisho wa uhai wake. Mawakili walikuwa waungwana zaidi, wakamrudisha George katika daftari lao mwezi wa Novemba. Wakati ule Uingereza haikuwa na mahakama ya rufani kwa kesi za jinai. Mtu akihukumiwa, mlango wake ulikuwa kumlilia Waziri tu. Kesi ya Edalji, pamoja na ya mtu aitwaye Adolf Beck aliyefungwa kwa kufananishwa na mwingine, zilisukuma Bunge kupitisha sheria ya rufani mwaka huo huo wa 1907.

Tarehe 18 Septemba Doyle alimwoa Jean Leckie, na katika karamu ya arusi George Edalji alikuwa mmoja wa waalikwa. Safari yao ya arusi iliwafikisha Istambul katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1325 Hijria. Sultan Abdul Hamid alikuwa mpenzi wa hadithi za Holmes, akisomewa kwa tafsiri. Kwa sababu ya Ramadhani hakumpokea mgeni, bali alimtumia nishani ya Majidi, na mkewe akapewa nishani ya Shafakat. Kwa idhini maalumu waliruhusiwa kuingia Aya Sofia usiku wa Lailatul Qadri, wakakaa roshani ya juu wakitazama taa zisizo na hesabu na maelfu ya waja wakiinama na kuinuka pamoja. Doyle hakuusahau usiku ule, akauandika katika kumbukumbu za maisha yake kwa heshima, na maneno yake hapo hayafanani na yale ya kitabu cha Korosko.

Mwaka 1909 aligeukia Kongo. Kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliimiliki nchi ile kama shamba lake, na watu walilazimishwa kuleta mpira kwa mjeledi, wake zao wakishikwa rehani, na waliopungukiwa wakiuawa au kukatwa mikono. Ingawa serikali ya Ubelgiji iliichukua nchi mwaka 1908, Doyle aliona kuwa waliodhulumu hawakuhukumiwa. Hakuwahi kufika Kongo. Alitegemea taarifa za mabalozi, khasa Roger Casement, na za wamishenari, na khabari alizokusanya E. D. Morel. Aliandika The Crime of the Congo kwa siku nane tu, karibu bila usingizi, kisha akazunguka miji ya Uingereza pamoja na Morel akihutubia. Kwa watu wa Manyema na Kisangani, ambao wazee wao waliyaona mambo yale, yafaa kujua kwamba mtungaji aliyekuwa akisomwa sana katika lugha ya Kiingereza alisimama jukwaani kwa ajili yao. Casement aliponyongwa mwaka 1916 kwa kuasi upande wa Ireland, Doyle alikuwa amekusanya sahihi za watu wakubwa kumwombea, wakati ambapo kumtetea mtu yule kulikuwa fedheha.

Kesi ya pili ilimchukua miaka kumi na sita. Mwezi Desemba 1908 mwanamke mzee, Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani kwake Glasgow, na bizimu yake ya almasi ikapotea. Polisi walimfuata Oscar Slater, Myahudi wa Kijerumani mwenye maisha ya kamari, kwa sababu alikuwa ameweka rehani bizimu ya almasi kisha akasafiri kwenda Marekani. Ikathibitika kuwa bizimu ile ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa rehani wiki kadhaa kabla ya kuuawa yule bibi. Lakini ilikwisha kuwa taabu kumwacha. Wazee wa baraza tisa kati ya kumi na watano walimtia hatiani, na siku mbili kabla ya kunyongwa hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Doyle hakuipenda tabia ya Slater, wala hakuificha chuki yake. Ila kuwa mtu mbaya na kuwa mwuaji ni mambo mawili. Mwaka 1912 alitoa kijitabu juu yake. Hakikusaidia. Mwaka 1925 mfungwa mmoja aliyeachiliwa alitoka na kikaratasi alichokificha mdomoni, ujumbe wa Slater kumwomba Doyle asimsahau. Akaanza upya. Novemba 1927 Slater akatolewa, na mwaka 1928 hukumu ikabatilishwa, akalipwa pauni 6,000. Doyle, aliyetoa fedha zake kuendesha rufani ile, alidhani atarudishiwa; Slater akakataa, wakakosana magazetini. Miaka kumi na minane na nusu jela, huenda ilikuwa imemfundisha kushika kila senti.

Miaka yake ya mwisho ni migumu kuisimulia bila kusikitika. Vita kuu vilimtwalia jamaa wengi. Mwanawe Kingsley, aliyejeruhiwa vitani, alikufa Oktoba 1918, na ndugu yake Innes miezi michache baadaye. Doyle akashika imani kwamba walio hai wanaweza kusema na roho za wafu, akaihubiri toka Australia hadi Marekani, na katika safari ya mwaka 1928 na 1929 toka Afrika ya Kusini mpaka Nairobi. Mwaka 1925 alifungua duka la vitabu vya mambo hayo London, karibu na kanisa kuu la Westminster, bintiye Mary akilisimamia, nalo likamla fedha mwaka baada ya mwaka. Aliyewafundisha watu kutosadiki kitu bila dalili alisadiki picha za vizimwi zilizopigwa na wasichana wawili wa Cottingley. Mmoja wao, akiwa bibi kizee, alikiri mwaka 1983 kuwa vilikuwa vikaragosi vya karatasi. Mlango wa wafu ni mlango ambao mwenye msiba huupiga kwa nguvu, na matapeli hukaa nyuma yake. Holmes asingedanganyika, lakini Holmes hakuzika mwana.

Sir Arthur Conan Doyle alifariki tarehe 7 Julai mwaka 1930 nyumbani kwake Crowborough, akazikwa katika bustani yake, na mwaka 1955 maiti yake ikahamishiwa kijiji cha Minstead. Barua za Baker Street hazikukoma. Benki iliyojenga jumba lake mtaani hapo mwaka 1932 ililazimika kumwajiri karani wa kuzijibu.

Mwaka 1934 mtu aitwaye Enoch Knowles alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuandika barua za matusi, akakiri kuwa zile za mwaka 1903 za Great Wyrley, nyingine katika hizo alizitia sahihi ya jina la kubuni, alikuwa amezituma yeye. George Edalji alikuwa bado anafanya kazi ya uwakili. Aliandika gazetini kumtaja Doyle kwa shukrani, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa miaka minne. Edalji alifariki mwaka 1953, na serikali haikumlipa fidia hata pauni moja.